Divai nyekundu si damu: tujifunze kusoma lebo ya chupa

Katika kliniki ya wajawazito kuna swali ambalo haupiti mwezi bila sisi wauguzi kuulizwa: "Nesi, ni kweli divai nyekundu inaongeza damu?" Wengine hawaulizi, kwani wameshaanza kunywa. Mama amepimwa, ameambiwa damu yake iko chini, akirudi nyumbani anaambiwa na jirani kwamba dawa ya haraka ni glasi ya divai nyekundu kila jioni. Siku hizi chupa yenyewe haiko mbali. Vijana wetu wengi wanafanya kazi katika hoteli za Nungwi, Kiwengwa, Paje na hapa Mji Mkongwe, na baadhi yao hupewa chupa na wageni wakaja nazo nyumbani.

Mwezi huu tunataka kujibu swali hilo kwa ukamilifu. Tumeona njia nzuri ni kuishika chupa na kuisoma pamoja: kuna nini ndani, zabibu zake zimetoka wapi, na maneno na tarakimu zilizoandikwa kwenye lebo zina maana gani. Hatuandiki ili kumfundisha mtu kunywa. Tunaandika kwa sababu chupa imeshaingia nyumbani, na asiyejua kuisoma ataamini analoambiwa na mtu yeyote.

DIVAI NI NINI?

Divai ni maji ya zabibu yaliyochachuka. Zabibu zikipondwa, hamira hula sukari ya tunda na kuigeuza kuwa kileo na hewa. Jambo hili tunalifahamu sisi watu wa pwani kwa tembo la mnazi: likigemwa ni tamu, likikaa mpaka jioni limekuwa kali. Kadiri sukari inavyoliwa, ndivyo utamu unavyopungua na kileo kinavyozidi.

Je, wekundu unatoka wapi? Ukikata zabibu nyeusi utaona kwamba kwa aina nyingi nyama ya ndani ni nyeupe. Rangi iko kwenye ganda. Mtengenezaji akiyaacha maganda yalowe pamoja na maji ya zabibu, divai inakuwa nyekundu. Akiyaondoa mapema, zabibu hizo hizo nyeusi zinaweza kutoa divai nyeupe. Basi wekundu wa divai ni rangi ya ganda la tunda, kama vile wekundu wa juisi ya rozela ni rangi ya ua lake. Hauna uhusiano wowote na damu.

Tuseme pia neno juu ya majina, maana yanachanganya. Neno "divai" limetoka katika Kifaransa, na neno "mvinyo" limetoka katika Kireno. Katika tafsiri za Biblia tunayakuta yote mawili. Lakini mitaani watu wengi husema "mvinyo" kwa kileo chochote kikali, hata kisichoijua zabibu. Kwa hiyo mtu akikuambia amekunywa mvinyo, bado hujajua amekunywa nini. Hapo ndipo lebo inapoanza kutusaidia.

ZABIBU ZINATOKA WAPI?

Katika nyumba zetu za Unguja zabibu tunazijua kwanza zikiwa kavu, ndani ya tambi za sukari, biriani na keki. Kisiwa chetu si kisiwa cha mizabibu. Mzabibu unapenda jua na ukavu wakati matunda yanapoiva. Unguja hupata mvua nyingi, takribani milimita 1,600 kwa mwaka, kukiwa na masika, vuli na unyevunyevu wa bahari. Katika hali hiyo ukungu hushambulia majani na vichala huoza kabla ya kuiva.

Hata hivyo hatuna haja ya kwenda mbali sana kuitafuta mizabibu. Ukiitazama ramani utaona kwamba Mji Mkongwe na mji wa Dodoma viko karibu katika mstari mmoja, takribani nyuzi 6 kusini ya Ikweta. Tofauti ni kwamba Dodoma iko juu, kiasi cha mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na mvua yake ni kama theluthi moja tu ya mvua yetu. Ukavu ule ule unaowatesa wakulima wa mahindi wa Ugogo ndio unaoupendeza mzabibu. Wamisionari kutoka Italia walipanda mizabibu katika misheni ya Bihawana karibu na Dodoma, na kilimo kikaenea katika vijiji kama Hombolo na Mpunguzi. Huko Makutupora kipo kituo cha utafiti wa zabibu, na mojawapo ya aina zinazolimwa sana huitwa kwa jina la mahali hapo, Makutupora nyekundu.

Jambo la kupendeza ni kwamba Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, mara ya kwanza kati ya Februari na Machi, na mara ya pili kati ya Agosti na Septemba. Katika nchi za baridi mzabibu hulala wakati wa kipupwe na kuzaa mara moja tu. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima akiupogoa huchipua upya, ukatoa maua na kuzaa tena.

Chupa nyingi zinazofika katika hoteli za Unguja hutoka nje. Baadhi hutoka Ufaransa, Italia, Hispania na hata Chile, na nyingi hutoka Afrika Kusini, ambako divai ya kwanza ilikamuliwa mwaka 1659 katika Rasi ya Tumaini Jema.

TUISOME LEBO

Sasa tushike chupa. Kwa kawaida ina lebo mbili, moja mbele na nyingine nyuma. Ya mbele imetengenezwa kupendeza macho. Ya nyuma ina maandishi madogo, nayo ndiyo yenye mambo mengi ya afya. Tusome zote mbili.

1. Jina la kinywaji. Neno "wine" peke yake halitoshi. Tafuta kama imeandikwa kwamba imetokana na zabibu. Hapa Tanzania kuna divai za ndizi na za rozela, nazo zina kileo kamili ingawa hazina zabibu. Kuna pia vinywaji vya bei ndogo ambavyo ni maji, sukari, rangi, ladha ya kutengenezwa na spiriti, vikapewa jina linalofanana na divai. Soma orodha ya vitu vilivyomo ikiwa imeandikwa. Ukiona maneno "flavour" na "colour", yaani ladha na rangi za kuongezwa, ujue hiyo si divai ya zabibu tupu.

2. Mahali zilipotoka zabibu. Maneno "Product of" hutangulia jina la nchi. Chupa ya Afrika Kusini huweza kutaja jimbo au wilaya, kama Western Cape, Stellenbosch au Robertson. Chupa ya Ufaransa mara nyingi hutaja mahali kwa herufi kubwa na haitaji aina ya zabibu kabisa. Bordeaux, kwa mfano, ni jina la mji na nchi inayouzunguka, na Champagne ni jina la mkoa. Kisheria huko Ulaya, divai isiyotoka katika mkoa ule haiwezi kuitwa Champagne, hata kama ina mapovu. Kwa hiyo si kila chupa inayopiga kizibo harusini ni shampeni.

3. Aina ya zabibu. Maneno kama Cabernet Sauvignon, Merlot, Syrah na Chenin Blanc ni majina ya aina za mizabibu, kama sisi tunavyosema embe dodo, embe boribo au embe sindano. Syrah na Chenin Blanc zinalimwa pia Dodoma. Jina la aina linakueleza ladha. Halikuelezi nguvu ya kinywaji.

4. Mwaka. Watu wengi wakiona 2019 au 2021 kwenye lebo hudhani ni mwaka wa kuharibika, wakaitupa chupa au wakaiuza kwa hofu. Huo ni mwaka zabibu zilipovunwa. Vinywaji vyenye kileo cha asilimia 10 na zaidi mara nyingi haviandikwi tarehe ya mwisho. Lakini hiyo haina maana kwamba divai haiharibiki. Chupa iliyofunguliwa, au iliyokaa juani au katika stoo yenye joto kama la kwetu, hugeuka kuwa siki.

5. Asilimia ya kileo. Hii ndiyo tarakimu muhimu kuliko zote, na mara nyingi imeandikwa kwa herufi ndogo kuliko zote. Utaona "12% vol" au "13,5% vol". Maana yake ni kwamba katika kila mililita 100 za kinywaji, mililita 12 ni kileo kitupu.

Tufanye hesabu kidogo. Chupa ya kawaida ina mililita 750. Kwa asilimia 12, ndani yake kuna mililita 90 za kileo kitupu. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25. Basi chupa moja ya divai ni sawa na bia tatu na nusu na zaidi. Na ile divai iliyoongezwa spiriti, ambayo huandikwa "fortified" na kufika asilimia 18, chupa yake ina mililita 135, yaani zaidi ya bia tano.

Nyumbani kwetu mara nyingi hakuna glasi ndogo za divai. Watu hutumia kikombe cha chai au magi. Kikombe cha mililita 200 cha divai ya asilimia 12 kina mililita 24 za kileo, karibu sawa na bia nzima. Mama anayesema "nakunywa kikombe kimoja tu cha divai, bia sigusi" anakunywa bia kila siku bila kujua.

6. Ukavu na utamu. Neno "dry" kwenye lebo ni kinyume cha "sweet", yaani divai isiyo tamu, ambayo karibu sukari yote imegeuka kileo. "Semi-sweet" ni ya katikati, na "sweet" ni tamu. Kwa kanuni za Ulaya, divai inayoitwa tamu ina sukari gramu 45 au zaidi katika lita moja. Chupa nzima basi ina gramu 34 hivi, kama vijiko 8 vya chai. Mwenye kisukari asidanganyike na neno "natural". Zipo divai zilizoandikwa "natural sweet", maana yake ni kwamba utamu ni wa zabibu zenyewe, lakini sukari ni sukari. Utamu una hatari nyingine pia: unaficha ukali wa kileo, na wasichana na vijana wanaoanza hunywa kama soda.

7. Salfaiti. Maneno "contains sulphites" yanatisha wengi. Ni dawa ya kuhifadhi, inayozuia divai isichachuke tena wala kubadilika rangi, na divai karibu zote zinayo. Kwa watu wengi haileti shida. Baadhi ya wagonjwa wa pumu hubanwa na kifua wakiinywa. Mwenye pumu ayatafute maneno hayo.

8. Mtengenezaji, mwagizaji na muhuri. Chupa halali ina jina na anwani ya aliyeitengeneza. Inayotengenezwa Tanzania Bara huwa na alama ya ubora ya TBS, na tangu mwaka 2019 vinywaji vya kileo huko vimewekewa stempu za kielektroniki za kodi. Tazama kama kizibo na utepe wake havijaguswa. Chupa yenye kizibo kilicholegea, lebo iliyobandikwa upande au harufu ya spiriti inaweza kuwa imejazwa tena na kitu kingine. Spiriti ya viwandani inaua. Mtu akinywa, kisha baada ya saa kadhaa akaumwa kichwa na tumbo, akatapika na kuona ukungu machoni, apelekwe hospitali mara moja bila kusubiri asubuhi.

Sasa tumesoma kila kitu kilichoandikwa kwenye chupa. Je, mmeona mahali palipoandikwa kwamba inaongeza damu?

TURUDI KWENYE DAMU

Madaktari na wauguzi wenyewe huita vidonge vya kliniki "vidonge vya kuongeza damu". Ndani yake kuna madini ya chuma na asidi ya foliki. Mwili hutumia chuma kutengeneza chembe nyekundu za damu. Je, divai nyekundu haina chuma? Inacho kidogo, takribani nusu miligramu katika mililita 100.

Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito apate vidonge vyenye miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku. Ili mama apate hizo 30 tu kutoka katika divai, ingembidi anywe lita 6, yaani chupa 8 kwa siku. Kidonge kimoja, ambacho hutolewa kliniki, kinafanya kazi hiyo bila kumlevya mama wala mtoto. Tena ile ladha ya divai nyekundu inayokausha ulimi hutokana na kitu kilicho ndani ya ganda na mbegu, ambacho kiko pia katika chai ya rangi. Kitu hicho hukizuia chuma cha mboga na maharage kisiingie mwilini vizuri. Mtu anayekunywa divai nyekundu pamoja na chakula chake anajinyima sehemu ya chuma alichokila.

Kwa nini basi wengine husema waliona nafuu? Kileo hupanua mishipa midogo ya ngozi. Uso unapata joto, mashavu yanang'aa, mtu anajisikia mchangamfu. Anadhani damu imepanda. Akipimwa, kipimo kiko pale pale.

Hatari kubwa ni kwamba divai inachelewesha tiba. Damu haipungui bila sababu. Kwetu sababu zaweza kuwa malaria, minyoo ya safura, kichocho kinachotoa damu kwenye mkojo, selimundu, hedhi nyingi, mimba zinazofuatana, au chakula kisichotosha. Kila moja ina kipimo chake na tiba yake. Mama anayekunywa divai kwa miezi mitatu huku safura ikimnyonya, anafika kujifungua akiwa hana akiba. Na mama asiye na akiba ya damu, kutokwa na damu kidogo tu wakati wa kujifungua kunaweza kumwondoa. Ndiyo maana tunalisema jambo hili kwa nguvu.

Unguja ina vyakula vya kujenga damu kwa wingi. Pweza, chaza, dagaa na samaki wengine, nyama, kunde, choroko, maharage, mchicha, matembele na kisamvu. Kula mboga na jamii ya kunde pamoja na chungwa, embe au kamulia ndimu, kwa kuwa matunda hayo husaidia chuma kuingia mwilini. Chai na kahawa ziache zikae mbali na mlo kwa saa moja au mbili. Zabibu zenyewe, mbichi au kavu, ni tunda jema kwa kiasi. Zabibu kavu zina chuma kidogo, lakini zina sukari nyingi na hunata kwenye meno ya watoto.

WASIOPASWA KUNYWA KABISA

Mjamzito. Kileo hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama, wala mwezi wa mimba ulio salama. Mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo, au akachelewa kujifunza maisha yake yote.

Mama anayenyonyesha. Si kweli kwamba divai inaleta maziwa. Kileo hupita ndani ya maziwa, na huyazuia yasishuke vizuri. Maziwa huletwa na mtoto kunyonya mara kwa mara, na mama kula na kunywa maji ya kutosha.

Watoto. Mwili wa mtoto hauwezi kukivumilia kileo. Sukari ya damu yake inaweza kushuka ghafla akapata degedege. Usimwonjeshe hata kidogo "alale vizuri".

Wagonjwa walio katika dawa. Dawa za kifua kikuu hufanya kazi kubwa katika ini, na kileo huliongezea ini mzigo. Anayetumia dawa ya Flagyl aache kileo mpaka amalize dozi na siku tatu baadaye. Dawa za kisukari pamoja na kileo huweza kushusha sukari mno. Dawa za kifafa na za usingizi pia hazipatani nacho. Mwenye shinikizo la damu ajue kwamba kileo hulipandisha.

Na aliyekuwa mlevi akaacha. Kwake glasi moja ni mlango. Familia imsaidie kwa kutokuweka chupa mezani.

Wengine watasema walisoma kwamba divai nyekundu inalinda moyo. Ni kweli kwamba katika miaka ya 1990 habari hiyo ilienea sana duniani. Tangu hapo uchunguzi umeendelea, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hakuna kiasi cha kileo kilicho salama kwa afya. Kileo kimewekwa katika orodha ya vitu vinavyoleta saratani tangu mwaka 1988, zikiwemo saratani za koo, ini na matiti. Anayetaka kulinda moyo atembee kwa miguu, apunguze chumvi na mafuta, aache sigara.

Wapo pia wanaotaja ushauri wa Mtume Paulo kwa Timotheo. Paulo alimwandikia mtu mmoja mwenye maradhi ya mara kwa mara, akamwambia kidogo, na kwa ajili ya tumbo. Leo tumbo tuna namna ya kulitibu: maji yaliyochemshwa, kunawa mikono, chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, na kipimo cha choo.

DIVAI YA ALTARE

Baadhi ya waamini wametuuliza kuhusu divai ya Misa. Nayo ina lebo, na wanaotunza sakristia wanapaswa kuisoma kuliko mtu yeyote. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 924, yataka divai ya asili itokanayo na zabibu, isiyoharibika. Kwa hiyo divai ya ndizi au ya rozela haifai, wala kinywaji chenye rangi na ladha za kuongezwa. Kwa joto la Unguja, chupa ihifadhiwe mahali pa baridi na giza, na ikishafunguliwa isikae muda mrefu. Tena ifungiwe, mbali na mikono ya watoto.

Mgonjwa au mjamzito asiwe na wasiwasi juu ya Komunyo. Anayepokea katika umbo la mkate peke yake anapokea Kristo mzima. Na kwa padre asiyeweza kutumia kileo kwa sababu ya afya, Kanisa lilieleza mwaka 2003 kwamba anaweza kuruhusiwa na askofu wake kutumia maji ya zabibu ambayo uchachukaji wake umezuiliwa.

CHUPA TUPU

Tusimalize bila kusema juu ya chupa iliyokwisha. Chupa za divai ni nzuri na imara, na nyumba nyingi huzitumia kwa asali, mafuta ya nazi, siki, na pia mafuta ya taa na dawa za kusafishia. Lebo ya zamani bado ipo lakini ndani kuna kitu kingine, na mtoto mwenye kiu hasomi. Toa lebo ya zamani kwa maji ya moto, andika jina la kilichomo, na kitu cha sumu usikiweke kamwe katika chupa ya kinywaji. Mtoto akinywa mafuta ya taa, usimtapishe wala usimpe maziwa kwa nguvu. Mkimbize hospitali, na uchukue chupa yenyewe tuione.

Tena tukumbuke tunaishi na majirani ambao kwao kileo ni haramu, na watoto wetu wanacheza pamoja. Chupa isiachwe barazani wala uchochoroni. Huo ni ujirani mwema, na vigae vya chupa vimekata nyayo za watoto wengi.

KWA VIJANA WA HOTELINI

Ninyi mnaohudumia meza, kuijua lebo ni sehemu ya kazi yenu. Jifunzeni majina ya mahali, aina na mwaka, mjue kueleza wageni, na muwaambie kwamba Tanzania nayo ina zabibu zake za Dodoma. Mtu anaweza kuijua divai yote hiyo kwa kusoma bila kuinywa, kama fundi wa dawa anavyozijua dawa zote bila kuzimeza. Na mkipewa chupa na mgeni, msiipeleke kwa mama mjamzito kama zawadi ya kuongeza damu. Mpelekeeni pweza na machungwa.

TUKUMBUKE

– Wekundu wa divai ni rangi ya ganda la zabibu.
– Tafuta asilimia ya kileo kabla ya kusoma kitu kingine. Chupa moja ya asilimia 12 ni zaidi ya bia tatu na nusu.
– Mwaka kwenye lebo ni wa mavuno.
– "Dry" si tamu. "Sweet" ina sukari nyingi.
– Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto na mgonjwa aliye katika dawa wasinywe.
– Damu ikipungua, nenda ukapimwe sababu yake, meza vidonge vya chuma ulivyopewa mpaka viishe, na ule vizuri.

Mama aliyeambiwa damu yake iko chini aje kliniki pamoja na mumewe au mama mkwe, ili wote walisikie jibu kwa wakati mmoja. Mara nyingi mama ameshaelewa, ila aliyebaki nyumbani ndiye anayemimina kikombe.